Kiti Kilichopimwa kwa Kigoda

Leti mwanangu,

Kukuandikia salamu ni kichekesho, maana nakusikia. Upo chumba cha pili na binamu zako, wanakusuka na mnacheka, na nikipaza sauti kidogo tu utaitika. Lakini nimechukua daftari la baba yako, nimekaa hapa jikoni nakuandikia, kwa sababu unanijua. Jambo hili nikilianza kwa mdomo nitaligeuza ugomvi, au nitalia, na wewe utasema, "Sawa mama, nimeelewa," na tutakuwa hatujasemezana kitu. Barua haikatizwi. Nitaitia kwenye mkoba wako kesho, uisome ndani ya treni mkishakipita kituo cha Fela, ambapo hutaweza kurudi kunibembeleza.

Habari za chumvi, za kuamka mapema na za kumtunza mume sitaziandika. Shangazi zako wamekufunda wiki nzima mpaka nimekuonea huruma. Baadhi yao waume wamewashinda wenyewe, lakini hayo tuyaache.

Nataka tuongee habari ya viti.

Jumamosi tulipokwenda kuchagua viti vya nyumba yenu ya Tabora, zawadi yetu mimi na baba yako, tulipitia mjini. Wewe ulipokuwa mdogo, kwenye duka lile la pembeni ya soko tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na mara nyingi unafika mbele unaambiwa imekwisha. Sasa limejaa mpaka kibarazani: redio, viti vya plastiki vya kila rangi, makochi ya sponji. Ukasimama mbele ya kochi moja la mahameli ya bluu, ukaliwekea kiganja, ukakiacha hapo. Nilikuona. Nikakwambia, "Hiyo sponji mwaka mmoja tu inabonyea kama andazi la jana," nikakuvuta mkono tukaondoka.

Kwa fundi Masanja kule Mkuyuni nikakikalia kile kiti chake cha kubembea cha mninga, nikabembea, nikaongea kama niliyelipwa. Nikasifu mbao, nikasifu mgongo wake, nikasema mtoto ukimpata utamnyonyeshea hapo. Nikamwambia fundi, "Tuchongee viwili vya namna hii." Masanja ana adabu yake, akakugeukia akauliza, "Na mwenye nyumba anasemaje?"

Wewe hukumjibu yeye. Uliniangalia mimi, ukasema, "Sawa mama."

Fundi akachukua futi yake, akapima, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao, tukarudi nyumbani. Lakini ile "sawa mama" imenikaa kooni tangu siku hiyo. Naijua inakotoka. Hukuiokota barabarani, umeirithi kwangu, na mimi ilinigharimu.

Unakikumbuka kile kiti kifupi tulichokuwa tunaanikia maharage? Nyinyi watoto mlikiita kiti cha maharage, na mimi sikuwahi kuwaambia kilikuwa cha nani. Kilikuwa changu. Babu yako wa Ukerewe alinichongea kwa mikono yake.

Ilikuwa mwaka ule tulipopunguzwa kazi kiwandani, wewe ukiwa kidato cha kwanza. Miaka mingi ya kusimama kwenye mashine ilikuwa imeniacha na mgongo usiotaka kunyooka asubuhi. Baba yako alipokwenda kuwasalimia wazazi wake akamweleza mzee, mama Leti yupo nyumbani siku hizi, mgongo unamsumbua. Alikuwa amejifunza useremala misheni akiwa kijana, na huko aliwahi kuona mapadri wazee wakipumzisha migongo yao kwenye viti vya kubembea barazani. Akaamua mkamwana wake naye apate cha kwake. Na ili mwanawe asione wivu, akaamua kuchonga viwili.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kiti cha kubembea si benchi. Kinapimwa kwa mtu: kutoka nyuma ya goti hadi chini, kutoka goti hadi nyonga, na mgongo uegemee wapi. Kumpima baba yako ilikuwa rahisi, ni mwanawe. Lakini mimi? Kwao Wakerewe na kwetu Wasukuma ni jambo moja, baba mkwe na mkamwana hawashikani hata mikono. Nilikuwa namsalimia kwa kupiga magoti, macho chini, naye anaitikia marahaba akiangalia miti. Akiingia sebuleni mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Kiti alichokalia yeye sikikalii mimi. Mtu wa namna hiyo anishike goti na futi, jamani! Hata kumwambia baba yako, "Nipimie mke wako miguu," alishindwa kulitamka.

Basi akaja kututembelea, siku mbili, bila kusema alichokifuata. Nilipokwenda sokoni aliingia jikoni kwangu, akachukua kigoda changu ninachokalia nikisonga ugali, akakipima. Akajiambia, mwanamke huyu kimo chake cha kukaa ndicho hiki. Akarudi Ukerewe amefurahi.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichokijua ni kwamba viti viwili vilishuka na meli kutoka Nansio, vimefungwa magunia, mvule mtupu, vimepigwa msasa mpaka mkono unateleza. Baba yako akavipanga barazani kimoja kando ya kingine. Nikaona. Cha kwake kirefu, mgongo umesimama. Cha kwangu kifupi, kimepungua shubiri nzima.

Unanijua hasira yangu inavyopanda. Nilipoviona sikuviona kama viti. Niliona nimeambiwa, wewe uliyefukuzwa kazi, keti chini ya mumeo. Maana nilipokuwa kiwandani mshahara wangu ulikuwa unashinda wa baba yako, na watu wa kwao walikuwa wakilisema hilo. Nikajua kwa hakika kabisa kwamba mzee amenitumia ujumbe wa mbao. Kama ningefungua mdomo siku ile ningeuliza tu, "Mbona changu kifupi?" Maneno matatu. Badala yake nikamwambia baba yako amwandikie mzee kwamba nimeshukuru sana na Mungu ambariki. Kisha nikaweka ungo wa maharage juu ya kiti.

Miaka miwili, Leti. Baba yako alikuwa akirudi jioni anabembea peke yake, na mimi nimekaa kwenye kigoda hapo hapo mbele yake, mgongo unaniuma, nachambua mchele. Aliniuliza mara moja tu, "Hukipendi?" Nikamjibu, "Kiko sawa." Naye akaogopa kuendelea. Mzee alipouliza kwa barua, mwanawe akamjibu kwamba mama Leti anakikalia kila siku mpaka anasinzia. Ukweli ni kwamba wote watatu tulikuwa watu wa adabu sana.

Aliyeniumbua ni bibi yako wa Ukerewe. Alikuja kutibiwa macho, akatoka barazani asubuhi, akamwaga maharage yangu kwenye mkeka, akaketi. Akabembea. Kisha akaanza kucheka mwenyewe.

"Mama Leti, wewe unakaaje humu na hiyo miguu yako ya korongo?"

Nikasema, "Nakaa tu, mama."

"Unakaa wapi! Huyu mzee nilimwambia. Nilimwambia, wewe unapima kigoda, utampimaje mtu kwa kigoda? Akaniambia ninyamaze, eti nani atampimia yule, yeye hawezi kumwangalia mkwe wake miguu." Akajifuta machozi ya kicheko. Alipoona mimi sicheki, akaacha kubembea. "Ulidhani nini, mwanangu?"

Sikumwambia nilichodhani. Mpaka leo sijamwambia. Akaniangalia kwa yale macho yake mabovu akasema tu, "Mficha uchi hazai," akarudi kubembea.

Sasa ungetegemea kwamba mama yako, mtu mzima, alituma neno siku ile ile. Njia zilikuwepo. Ningemtuma bibi yako, ambaye alikuwa anasubiri nimtume. Ningekutuma wewe, mjukuu, ambaye una ruhusa ya kumtania babu yako hata mbele za watu: "Babu, umemchongea mama kiti cha kuku." Angecheka mpaka akohoe. Lakini kulisema ilikuwa ni kukiri pia kwamba nimemchukia mzee wa watu miaka miwili kwa kosa la kuniheshimu. Nikaona aibu. Nikanyamaza tena, safari hii bila hata hasira ya kunisaidia.

Mwaka uliofuata mzee alipata kiharusi. Alipopata nafuu kidogo akaletwa hapa kwetu, mkono wa kulia umelala mapajani. Siku ya tatu baba yako akanifuata jikoni. Akasema, "Mzee ana ombi. Anataka akuone umekikalia kiti. Mara moja tu, hata kwa mbali."

Nikaoga, nikavaa vitenge vipya. Nikakiweka kiti pale kwenye mlango wa jikoni, yeye akiwa barazani, ua mzima katikati yetu, ili heshima isivunjike. Nikaketi. Magoti yangu yakaja juu karibu na kifua. Nikatabasamu, nikajaribu kubembea, visigino vikaburuza chini.

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, mzee yule aliniangalia. Hakuniangalia mimi, aliangalia magoti. Fundi ni fundi, alihitaji kitambo kidogo tu. Nilimwona midomo ikihesabu. Kisha akamwambia mwanawe, kwa sauti niliyoisikia vizuri kutoka kule nilikokuwa, "Mbona hakuniambia? Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja." Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauhamishia kwenye paja la pili.

Leti, nilitaka kuinuka. Nilitaka nivuke ule ua nipige magoti niseme, baba, nisamehe, nilikudhania vibaya. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikasema, "Kiko sawa, baba."

Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Alirudi kwao Jumapili, na kabla ya mavuno tulikuwa Ukerewe tunamzika.

Nilimlilia kuliko wanawe. Watu wakasema, mkamwana gani huyu, jinsi alivyompenda mkwe wake. Nikazidi kulia. Baada ya matanga nikataka kukirekebisha mwenyewe, kana kwamba ingesaidia. Nikampa kazi fundi mmoja wa jirani, akakipigilia vipande vya mbao miguuni, akaniambia tayari mama, jaribu. Kumbe kiti cha kubembea ukikiinua bila kubadili zile mbao zilizopinda za chini, kinapoteza mizani. Nilijitupa kama malkia, kikanirusha nyuma, miguu hewani, mbele ya muuza dagaa na wateja wake wote. Ulikuwa shule, ukakosa. Baba yako alicheka, halafu akaona nimebaki pale pale chini nalia, akaja akakaa kwenye vumbi pembeni yangu. Siku ile ndipo nilipomweleza yote. Naye akaniambia alijua tangu mwanzo kuwa kiti ni kifupi, alikuwa anasubiri niseme mimi.

Tulivitoa vile vipande, tukakirudisha Ukerewe kwa meli. Bibi yako ni mfupi. Kinamtosha kama alivyopimiwa yeye, na ndicho anachokalia mpaka leo akikuombea rozari.

Sasa nisikilize. Leo mchana nilikuwa napiga pasi kanga zako, nimefika kwenye ile ya njano, mkono ukasimama. Nikajiuliza: Jumamosi fundi Masanja alimpima nani?

Alinipima mimi. Nilikuwa nimekikalia kile kiti, nikanyoosha mguu mwenyewe, akaweka futi nyuma ya goti langu, akaandika. Wewe ulikuwa umesimama pembeni umeshika kikapu. Umemfuata bibi yako kwa kimo. Viti nilivyokuagizia, mwanangu, miguu yako ingening'inia hewani kama ya mtoto kanisani. Na ungesema sawa. Ungekiweka barazani, ungetafuta cha kuanika juu yake.

Mzee yule alikuwa na sababu, mila ilimfunga mikono. Mimi nilifungwa na nini? Ulikuwa umbali wa mkono wangu. Nilikuzaa, nimekuogesha, nakujua urefu tangu kitovu chako hakijadondoka, na bado nilikupima kwa miguu yangu. Nimeichoma kanga yako ya njano nikiwaza hayo, utaniwia radhi. Doa liko upande wa ndani.

Niliacha pasi pale pale nikaenda Mkuyuni kwa mguu. Nimemkuta Masanja ameshachonga migongo, miguu bado. Nikamwambia, simama. Akaweka randa chini akauliza kulikoni, mbao hazifai? Nikamwambia mbao hazina kosa, kosa ni langu. Akasema basi mlete mwenyewe. Nikasema anasafiri kesho. Akasema basi aandike. Kwa hiyo, viti ulivyoambiwa vitakufuata wiki ijayo, havikufuati. Nisamehe, maana najua wenzako Tabora wataangalia umekuja na nini. Waambie vipo kwa fundi.

Sikufundishi uwe mkorofi. Mimi ninayekuandikia nitaendelea kuwapigia magoti wakubwa mpaka magoti yakatae, na wewe pia. Baba mkwe wako ni mzee mpole, nimemwona, na atakuja kukuheshimu mpaka ashindwe kukuuliza kama umeshiba. Usidhani amekudharau. Mpelekee neno kwa mama mkwe, kwa shemeji zako, kwa wanao utakapowapata, njia hazikosekani. Heshima haijawahi kumkataza mtu kusema kinachomuuma, ila inamfundisha apitie mlango upi. Mimi sikuponzwa na heshima. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu, na vyote viwili nikavifunika kwa heshima kwa sababu hakuna anayemlaumu mwanamke kwa kunyamaza. Wananisifu mpaka leo. Ukiwasikia wakikusifu hivyo, jichunguze kidogo.

Na mumeo Deo ni kijana mzuri, lakini ni mwalimu, amezoea watu wa kuitikia. Ukimwitikia kila kitu atafurahi sana, miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo atakuwa anabembea peke yake, na hatajua ni kwa nini. Baba yako ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua, na nilimwacha peke yake barazani jioni zote zile. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi ya mgongo.

Nakusikia bado unacheka huko. Umecheka sasa hivi ukasema, "Hapana bwana, hapo mnanivuta, legezeni!" Umewaambia binamu zako hivyo, bila hata kufikiri. Kumbe unaweza. Ni mimi tu usiyeniambia, na ni mimi niliyekufanya hivyo, kila nilipokujibia maswali uliyoulizwa wewe.

Basi fanya hivi. Ukifika, ukishapumzika, chukua futi ya cherehani niliyokuwekea na vyombo, mwambie Deo akupime kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, umevaa ndala, si vile viatu vyako vya harusi. Wewe umpime yeye. Niandikie vipimo vyote viwili. Au usipime. Niandikie kwamba hutaki viti vya kubembea, wala mninga wa mama yako, unataka lile kochi la bluu la sponji. Nitanuna. Nitamwambia baba yako kwamba watoto wa siku hizi wamepotea, na nitanuna siku mbili kamili. Siku ya tatu nitakwenda dukani, na migongo ya Masanja nitajua pa kuipeleka.

Andika lolote, Leti, hata liwe la kuniudhi, nitalisoma na kulirudia. Barua moja tu sitaweza kuivumilia, nayo ni ile itakayosema, "Sawa mama."

Mimi ninayekupenda na kukuogopa kidogo kuanzia leo,

Mama